Bei Isiyobadilika, Bili Inayobadilika

Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mji huu wa London, mali ipoteayo kwa wepesi kuliko zote ni ile ipitayo ndani ya nyaya na mabomba. Haina uzito mkononi kama kapu la sokoni, wala haipimwi kwa kibaba mbele ya macho yako. Unaitumia kwanza, kisha baada ya wiki nyingi barua ndiyo inayokuarifu umetumia kiasi gani na unadaiwa nini.

Wengi wetu tulikulia katika utaratibu mwingine. Aliyetoka Dar es Salaam ameizoea LUKU, ambayo jina lake lenyewe ni mafundisho: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Aliyetoka Nairobi au Mombasa amezoea kununua tokeni kwa simu. Fedha ikiisha taa huzima, na mwenye nyumba anajua papo hapo kwamba amefika mwisho wa uwezo wake. Hapa kwa wengi wetu mambo ni kinyume: taa haizimi, bali deni ndilo linalokua gizani.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Mwezi Oktoba mwaka 2024 niliweka saini mkataba wa miezi 12 wa bei isiyobadilika, umeme na gesi pamoja, na malipo ya kila mwezi yakawekwa kuwa pauni 115. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia mwenzangu kwamba baridi hii haitatutisha. Ilipofika mwishoni mwa Januari ikaja barua: kuanzia mwezi ujao tungelipa pauni 172. Mwenzangu aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, si ulisema bei haibadiliki?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu nililolitafuta, na ninayaandika kwa ajili ya kila nyumba ambayo swali hilo limeulizwa.

NI KIPI KISICHOBADILIKA?

Bili ya nishati imesimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni bei ya yuniti. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Ya pili ni tozo ya kila siku, ambayo kwenye bili utaiona imeandikwa kwa jina la standing charge. Tozo hii hulipwa hata kama nyumba imefungwa na wenyewe wamekwenda Zanzibar kumsalimu bibi. Kwetu Afrika Mashariki tozo za namna hii zimeondolewa kwa wateja wa kawaida wa majumbani: TANESCO mwaka 2016, na Kenya Power mwaka 2018. Hapa bado ipo, nasi hatuna budi kuihesabu.

Mkataba wa bei isiyobadilika huzishika nguzo hizo mbili tu, kwa muda uliokubaliwa, aghalabu miezi 12 au 24. Hauishiki idadi ya yuniti utakazotumia. Ni sawa na kukubaliana na mwenye duka kwamba kilo ya unga atakuuzia kwa bei ile ile mwaka mzima. Wageni wakija ukapika sufuria mbili badala ya moja, bei ya kilo haikubadilika hata senti, lakini fedha iliyotoka mfukoni imeongezeka.

Tena kuna jambo linalotupoteza zaidi, nalo ni yale malipo ya kila mwezi yanayokatwa benki. Hayo si bili. Ni makadirio. Kampuni hukisia utatumia kiasi gani kwa mwaka, kisha hugawanya kwa 12. Wakati wa kiangazi unalipa zaidi ya unachotumia na akiba inajengeka, na wakati wa baridi akiba hiyo inaliwa. Kampuni ikiona kwamba unatumia kuliko ilivyokisia, itaongeza makato. Ndivyo pauni 115 zilivyogeuka kuwa 172 ilhali bei ya yuniti imekaa pale pale.

KIKOMO AMBACHO SI KIKOMO CHA BILI

Asiye na mkataba wa namna hiyo huwa kwenye bei ya kawaida inayobadilika, na huko analindwa na kikomo cha bei kinachowekwa na Ofgem, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia biashara ya gesi na umeme. Kikomo hiki kilitokana na sheria ya mwaka 2018 na kilianza kazi tarehe 1 Januari 2019. Hapo mwanzo kilibadilishwa mara mbili kwa mwaka. Tangu Oktoba 2022 kinabadilishwa kila baada ya miezi 3, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba.

Kila kinapotangazwa, magazeti hutaja namba moja kubwa. Kwa miezi ya Oktoba hadi Desemba 2025, kwa mfano, ilikuwa pauni 1,755 kwa mwaka. Wengi husikia namba hiyo wakadhani kwamba hakuna nyumba itakayolipa zaidi. Sivyo. Hiyo ni hesabu ya nyumba ya wastani inayotumia yuniti 2,700 za umeme na yuniti 11,500 za gesi kwa mwaka. Kilichowekewa mpaka ni bei ya yuniti na ile tozo ya kila siku. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi, na hakuna dari juu yake.

Asidhani mtu kwamba kosa hili ni la wageni peke yao. Mwezi Septemba 2022, Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, alisema kwenye redio kwamba hakuna atakayelipa zaidi ya pauni 2,500, na ikabidi wasahihishaji wa habari wamsahihishe. Ikiwa mkuu wa serikali aliteleza hapo, mimi na wewe tusione haya kuuliza.

Tuzitazame namba za msimu huo wa mwisho wa 2025, ambazo ni wastani wa Uingereza, Scotland na Wales, kodi ikiwa ndani yake. Yuniti ya umeme ilikuwa peni 26.35, na ya gesi peni 6.29. Tozo ya kila siku ilikuwa peni 53.68 kwa umeme na peni 34.03 kwa gesi. Jumlisha tozo hizo mbili kwa siku 365, utapata pauni 320 kwa mwaka kabla hujawasha hata taa moja.

Namba hizo zinatufundisha jambo lingine. Yuniti ya umeme ilikuwa ghali zaidi ya mara nne kuliko ya gesi. Hita ndogo ya umeme ya wati 2,000, ile tunayoiburuta kutoka chumba hadi chumba, ikiwashwa saa 6 kila siku hula yuniti 12, ambazo ni pauni 3 na peni 16 kwa siku, au karibu pauni 95 kwa siku 30. Taa ya kisasa ya wati 8 ikiwaka saa 5 haimalizi peni 2. Basi ewe baba unayewagombeza watoto kwa sababu ya taa huku hita inanguruma sebuleni, unamfukuza panya na simba yumo ndani.

BEI HIZI ZILITOKA WAPI?

Walioishi hapa zamani wanakumbuka wakati ambapo hakukuwa na la kuchagua. Umeme wa London uliletwa na bodi moja ya umma, iliyoundwa mwaka 1948, na gesi nayo ilikuwa mali ya taifa. Shirika la gesi liliuzwa kwa watu binafsi mwaka 1986, na bodi za umeme zikafuata mwaka 1990. Ushindani wa majumbani ulianza kwa gesi mwaka 1996 kusini-magharibi mwa Uingereza, ukaenea nchi nzima mwaka 1998, na mwaka 1999 ulipokwisha kila mtu aliweza kuchagua wa kumuuzia umeme pia. Tangu hapo mteja amekuwa mnunuzi sokoni, apende asipende.

Na soko lina dhoruba zake. Mwaka 2021 bei ya gesi duniani ilipanda ghafla, na uvamizi wa Ukraine wa Februari 2022 ukaongeza makali. Kikomo cha nyumba ya wastani kilikuwa pauni 1,277 mwezi Oktoba 2021. Aprili 2022 kikawa 1,971. Oktoba 2022 kikafika 3,549, hata serikali ikalazimika kuingia kati na kulipa sehemu yake. Zaidi ya kampuni 25 zilianguka katika kipindi hicho. Wateja wao hawakukatiwa umeme. Walihamishiwa kampuni nyingine, na akiba zao zikalindwa, ila bei walizokuwa wamezifunga ziliondoka pamoja na kampuni hizo.

KUFUNGA BEI AU KUTOFUNGA?

Hakuna jibu moja kwa nyumba zote. Aliyefunga bei kabla ya baridi ya 2021, na kampuni yake ikasimama, alilala usingizi wakati jirani zake wakihangaika. Lakini kati ya Julai 2023 na Julai 2024 kikomo kilishuka kutoka pauni 2,074 hadi 1,568, na aliyekuwa amefunga bei ya juu alibaki nayo, ama alipe faini ili atoke. Kufunga bei ni kununua utulivu. Utulivu una thamani kwa mwenye mshahara usiotetereka, na una thamani zaidi kwa asiye na akiba ya kuhimili mshtuko. Hata hivyo, usiununue bila kuuliza haya:

Kwanza, bei ya yuniti na tozo ya kila siku ni kiasi gani, na zikilinganishwa na kikomo cha sasa ziko juu au chini? Usiulize "nitalipa ngapi kwa mwezi" peke yake, maana hilo ni kisio.

Pili, kisio hilo limetokana na matumizi yangu halisi ya mwaka uliopita, au ni la mtu wa wastani? Nyumba ya watu 7 si nyumba ya wastani.

Tatu, faini ya kuvunja mkataba ni kiasi gani, na je, inatozwa kwa umeme na gesi kila kimoja peke yake? Baada ya kukubali una siku 14 za kubadili nia bila faini. Vilevile katika siku 49 za mwisho wa mkataba una haki ya kuhama bila faini yoyote. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda, kwa sababu usipochagua kitu kipya utarudishwa kwenye bei inayobadilika.

Nne, nikihama nyumba itakuwaje? Sisi wapangaji tunahama mara kwa mara, na mkataba wa miaka 2 katika nyumba ya miezi 6 ni mzigo.

Na wewe uliyepanga chumba, ambaye mwenye nyumba ndiye anayepokea bili na kukuuzia umeme kwa mita yake ndogo, jua kwamba sheria hairuhusu akuuzie yuniti kwa bei iliyozidi ile aliyonunulia.

MITA MBILI KABATINI

Narudi kwenye barua yetu. Nilipiga simu kwa kampuni, nikajibiwa kwa adabu kwamba bei yetu haijabadilika, ila matumizi yetu ni makubwa, na nikashauriwa kupunguza. Nilikaribia kukubali. Mwenzangu ndiye aliyekataa. Alisema, "Nyumba ni ile ile, watoto ni wale wale. Hizo yuniti zimeliwa na nani?"

Bili ilidai yuniti 1,310 za umeme kwa miezi 3. Tulipotafuta bili za nyumba ya zamani tuliyohama mwaka ule, tukakuta kwamba katika majira kama hayo hatukuwahi kufika 650. Nyumba yetu hii, kama nyumba nyingi za London ya mashariki, ilijengwa kwa ajili ya familia moja na baadaye ikagawanywa kuwa makazi mawili, juu na chini. Mita zote mbili zimo katika kabati moja chini ya ngazi, zimepangwa bega kwa bega kama mapacha.

Jumamosi moja asubuhi tulizima swichi kuu ya kwetu. Friji ikanyamaza, nyumba yote ikanyamaza. Nikaenda kabatini na tochi. Mita ambayo nambari yake imeandikwa kwenye bili yetu iliendelea kumetameta taa yake nyekundu kana kwamba hakuna kilichotokea. Ile ya pembeni ndiyo iliyokuwa imetulia kimya. Tulikuwa tukilipia umeme wa watu wa juu, nao wakilipia wetu.

Ndugu msomaji, furaha ya kugundua haikudumu dakika moja. Ghorofa ya juu anaishi mama mmoja atokaye Bukavu, pamoja na watoto wake 5 na mama yake mzazi. Tumekula pamoja Krismasi na Idi. Nikisema kweli, bili itashuka kwangu na kumwangukia yeye. Nikinyamaza, watoto wangu watalipa. Tulikaa na jambo hilo usiku mzima, na asubuhi tukapanda ngazi wote wawili.

"Mama," nilimwambia, "tumekuja na habari ya mita, na si habari njema kwako." Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Ndugu, sisi tuliwaza mita yetu iko na baraka."

Tuliandika malalamiko mawili kwa siku moja, yake na yetu, tukaambatanisha picha za mita, nambari zake na tarehe. Mlango wake ulifunguliwa na kanuni ambayo hatukuijua hapo awali: tangu mwaka 2018, kampuni ambayo haikutoza kwa usahihi kwa kosa lisilo la mteja hairuhusiwi kurudi nyuma zaidi ya miezi 12 kudai nishati iliyokwisha kutumika. Mama yule alikuwa ameishi pale miaka 3. Miaka 2 ya mwanzo haikudaiwa, na kilichobaki aligawiwa kidogo kidogo kwa kadiri ya kipato chake. Sisi tulirudishiwa tulichozidisha. Shughuli nzima ilichukua wiki 7.

BILI IKIWA KUBWA: NGAZI YA KUPANDA

Kutokana na yaliyotupata, na kwa kuuliza wenye ujuzi, huu ndio utaratibu ninaokushauri. Upande ngazi hii daraja kwa daraja, wala usiruke.

1. Tazama kama namba ya mita kwenye bili ni ya kweli au ya kukisiwa. Bili itaandika neno estimated, au herufi E, penye kisio. Soma mita mwenyewe, ipige picha, upeleke namba. Hata mita za kisasa zinazojituma zenyewe huweza kukatika mawasiliano na kurudi kwenye makisio bila wewe kujua.

2. Linganisha nambari ya utambulisho iliyochapishwa juu ya mita na ile iliyo kwenye bili. Usiichanganye na nambari ya tarakimu 13 ya njia ya umeme inayoingia nyumbani kwako, ambayo nayo imo kwenye bili.

3. Zima swichi kuu, uangalie kama mita imetulia. Ikiendelea kuhesabu, si wewe unayehesabiwa.

4. Kwa gesi, tazama kipimo. Mita za zamani hupima mamia ya futi za ujazo, na za kisasa hupima mita za ujazo. Futi 100 za ujazo ni sawa na mita za ujazo 2.83. Basi ikiwa mita yako ni ya kisasa na kampuni inaihesabu kama ya zamani, unalipa karibu mara tatu ya haki yako. Kosa hili limewahi kuwapata watu wengi nchini humu.

5. Hakikisha bei iliyo kwenye bili ndiyo ile ya mkataba wako, na kwamba mkataba haujaisha.

6. Ukiona kosa, lalamika kwa maandishi, uandike neno complaint waziwazi ili saa ianze kuhesabu. Kampuni ina wiki 8. Zikipita bila suluhu, au ikikuandikia kwamba imefika mwisho, peleka shauri lako kwa Energy Ombudsman ndani ya miezi 12. Huduma hiyo haina malipo, na ukiukubali uamuzi wake kampuni hulazimika kuutekeleza. Kwa ushauri wa bure, piga simu Citizens Advice, namba 0808 223 1133. Kama Kiingereza kinakupa tabu, omba mkalimani.

BILI IKIWA YA KWELI NA FEDHA HAIPO

Huenda ukapanda ngazi yote ukakuta bili ni sahihi. Hapo ndipo wengi wetu hufunga barua na kuzitia chini ya godoro. Lakini mficha maradhi kifo humwumbua. Kampuni inalazimika kukubaliana nawe mpango wa malipo unaoumudu, kwa kutazama kipato na matumizi yako. Iambie ukweli mapema: kiasi unachopata, watoto ulio nao, mgonjwa aliyemo nyumbani. Omba pia uandikishwe kwenye daftari la huduma za kipaumbele ikiwa nyumbani kuna mzee, mtoto mdogo, mja mzito au mgonjwa. Ikiwa madeni ni mengi, kuna mpango wa sheria uitwao Breathing Space, ulioanza Mei 2021 katika Uingereza na Wales, ambao humpa mdaiwa siku 60 za kupumua wakati mshauri wa madeni akimsaidia.

Kampuni haiwezi kukuwekea mita ya kulipia kabla kwa nguvu pasipo kufuata masharti. Baada ya kashfa ya mwanzoni mwa 2023, iliyofichua nyumba za wanyonge zilivyokuwa zikivunjwa milango, kazi hiyo ilisimamishwa, na iliporuhusiwa tena masharti yakakazwa. Kati ya wasioruhusiwa kuwekewa kwa nguvu ni nyumba zenye mtoto aliye chini ya miaka 2, na mgonjwa anayetegemea mashine za umeme. Kwa aliye na mita hiyo kwa hiari yake, jambo moja: tozo ya kila siku huendelea kuhesabiwa usipokuwapo. Kwa bei za mwisho wa 2025, wiki 6 za likizo Mombasa zingekungoja mlangoni na deni la karibu pauni 37. Acha akiba ndani yake kabla ya kusafiri.

Upo pia msaada wa Warm Home Discount, pauni 150 zinazopunguzwa kwenye bili za majira ya baridi kwa wanaopokea baadhi ya posho za serikali zinazotolewa kwa kutazama kipato. Hapa nawasemesha hasa wale ambao viza yao imepigwa marufuku ya fedha za umma. Posho hizo msiziombe kabla ya kumwuliza mshauri wa uhamiaji. Lakini haki ya kulalamika, ya kukaguliwa mita, ya mpango wa malipo unaomudika, na ya kwenda kwa Energy Ombudsman, hizo ni haki za mteja. Hakuna anayekuuliza pasipoti. Kampuni ya gesi si idara ya uhamiaji, na kulalamikia bili hakumwondoi mtu nchini. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wakilipa deni lisilo lao kwa hofu hiyo peke yake. Hofu hiyo ni tozo ya tatu, na haimo katika sheria yoyote.

DAFTARI LA JIKONI

Sasa jikoni kwetu limetundikwa daftari la shule kwa kamba. Kila tarehe 1 ya mwezi binti yetu husoma mita na kuandika namba mbili, ya umeme na ya gesi. Mtoto wa tatu wa yule mama wa juu hushuka naye kabatini, kwa kuwa mikono miwili hushika tochi vizuri kuliko mmoja, na kila mmoja huandika yake.

Mwenzangu hakuniuliza tena kuhusu bei. Siku nyingine, akipita penye daftari, husimama akalifunua, akalinganisha mwezi huu na uliopita, kisha akaendelea na shughuli zake. Namba zikipanda tunajua tangu mapema, kabla ya barua, na tunajua ni kwa sababu gani.

Anza na daftari lako leo. Peni 50 zinatosha kulinunua. Na nakala hii ukiisha kuisoma usiitupe. Mpelekee jirani, hasa yule ambaye mita yake imekaa bega kwa bega na yako.